Nilichokifuta Kasenga

Nitaanza na kosa lenyewe, kwa sababu nikianza na raha ya vitabu nitajikuta nimelifunika. Mwaka 2018, kando ya barabara kubwa hapa Uvira, nilipata kitabu chembamba cha Wabelgiji kinachoeleza kina cha Ziwa Tanganyika. Pembeni mwa ramani yake kulikuwa na maandishi ya kalamu ya risasi. Mtu fulani alikuwa ameonyesha mahali maji ya ziwa yalipofika mwaka 1964, hapa hapa kwetu, mtaa wetu wa Kasenga ukiwemo. Niliyasoma, nikayaelewa. Kisha nikachukua kifutio, nikayafuta yote, nikakiuza kitabu kwa dola 60. Hakuna aliyenituma wala aliyenidanganya, na nyumbani siku hiyo watu walikuwa wamekula wakashiba.

Sasa nieleze raha, ili mjue ni mtu wa namna gani aliyefanya hivyo.

Uvira hatuna duka la vitabu vya zamani lenye mlango na rafu. Vitabu hulala juu ya turubai kando ya Barabara ya Kitaifa namba 5, ile itokayo Bukavu kwenda Fizi, kati ya viatu vya mitumba na waya za kuchajia simu. Muuzaji huvipanga asubuhi. Wingu likishuka kutoka milimani huvikusanya vyote haraka ndani ya turubai, na jua likirudi huvitandaza upya kwa mpango mwingine kabisa. Hapo ndipo penye bahati ya mwindaji, maana kilichokuwa chini jana leo kiko juu. Wateja wanaomlisha ni wanafunzi. Wao hutaka maswali ya miaka iliyopita ya Exetat (mtihani wa taifa), sarufi ya Kifaransa, na makaratasi ya masomo ya chuo yaliyopigwa fotokopi hadi herufi zimefifia. Visivyotakiwa na wanafunzi huishia kwa mama wauza karanga, wanaochana kurasa na kukunja vifuko. Wakati mmoja nilimaliza karanga nikajikuta nasoma karatasi: mtu amekutwa amekufa ndani ya hoteli, na mlango umefungwa kwa ndani. Nilirudi mbio kwa mama yule kumwomba ukurasa unaofuata. Alikuwa ameshauuza.

Rundo la Uvira lina matabaka, na aliyezoea huyatambua kabla hajafungua kurasa. Chini kabisa wako Wabelgiji: vitabu vidogo vya Marabout vilivyochapwa Verviers, na miongoni mwao hadithi za Bob Morane za Henri Vernes zilizoanza kutoka mwaka 1953, ambazo baba zetu walizisoma kwa siri chini ya meza za shule za mapadri. Juu yao iko Zaire: vitabu vya Saint-Paul vya Kinshasa, na vile vya Présence Africaine ambavyo wanafunzi wa chuo walilazimishwa kuvisoma kisha wakavipenda, kama Entre les eaux ya Mudimbe ya mwaka 1973. Halafu linakuja tabaka la Kiswahili, lililovuka ziwa. Ndugu zetu waliokimbia vita wakaishi kambi za Lugufu na Nyarugusu, upande wa Kigoma, walirudi na vitabu vya shule vya Tanzania ndani ya mizigo yao. Ndiyo maana hapa unaweza kumkuta Shaaban Robert amelala ubavuni mwa kitabu cha mafundisho ya kilimo cha pamba, na hakuna anayeshangaa.

Lakini kilichonivuta zaidi kilikuwa mikono ya watu. Nilikuwa na kitabu cha jiografia ambacho mwenyewe aliandika jina lake ukurasa wa kwanza, Joseph, kwa wino wa bluu. Chini yake, kwa mwandiko uleule, Joseph amekatwa kwa mstari mmoja wa rula na limeandikwa jina la babu. Hiyo ni 1972, Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo. Chini tena, kwa bic nyekundu na mkono ambao sasa unatetemeka kidogo, Joseph amerudi. Historia nzima ya Zaire ilikuwa kwenye karatasi moja, na mwandishi wake wala hakujua kama anaandika historia. Nilikaa nikiitazama jioni nzima.

Ukurasa huo niliukata kwa wembe.

Niliukata kwa sababu kufikia wakati ule nilikuwa nimekwisha kuwa mfanyabiashara, ingawa kwa majirani niliendelea kujiita mpenda vitabu. Kulikuwa na mzee mmoja Bujumbura aliyenunua vitabu vya zamani vinavyohusu ziwa, Kongo na Ruanda-Urundi, akivipeleka kwa wateja wake Ulaya. Mtu mwema, mlipaji mzuri, mwenye sharti moja: kitabu kiwe safi. Kisiwe na jina la mwenyewe wala mistari chini ya maneno, na isionekane hesabu ya deni la sukari kwenye jalada la nyuma. Kila doa la kalamu lilipunguza bei. Basi nikajifunza kusafisha. Kwa risasi nilitumia kifutio laini, na kwa vumbi chembe za mkate uliolala. Wino haufutiki, kwa hiyo ukurasa wenye jina nilikuwa nauondoa kwa wembe mpya, karibu kabisa na mshono, hivyo kwamba asiyehesabu kurasa hagundui. Nilikuwa fundi hasa. Nikisema hivi sijisifu, lakini siwezi kueleza kosa hili bila kukiri kwamba kazi yenyewe ilinipendeza.

Na kuna dogo jingine kabla sijafika kwenye lile kubwa. Muuzaji wangu ni kijana aliyeniheshimu sana, aliyeniita Papa Mwalimu hata mbele ya wateja wengine, kwa kuwa nilimfundisha mdogo wake. Heshima hiyo niliitumia. Nikiona kitabu ninachokitaka sikigusi. Naokota kingine, cha hesabu, nauliza bei, nalalamika, nakirudisha, nakiokota tena. Mwisho nikishalipa cha hesabu nasema, kana kwamba nimekumbuka sasa hivi: "Mwanangu, na hiki kibovu hapa si uniongezee tu?" Naye huongeza. Hivyo ndivyo nilivyokipata kitabu cha ziwa. Nililipa franka 3,000 kwa kitabu cha hesabu ambacho hata leo sijakifungua, na ziwa nikapewa kama nyongeza ya nyanya sokoni.

Kitabu chenyewe nakieleza vizuri, kwa sababu nitakuwa na ombi mbele. Kilichapwa Bruxelles mwaka 1949, na mtunzi ni André Capart. Ni sehemu ya matokeo ya msafara wa Wabelgiji waliolichunguza ziwa mwaka 1946 na 1947 chini ya uongozi wa Eugène Leloup. Kila mmoja alikuwa na shughuli yake. Max Poll alikuwa na samaki, Capart alikuwa na kina. Alipita akipima sakafu ya ziwa sehemu baada ya sehemu, na ramani aliyoitoa inaonyesha mashimo makubwa mawili: la kaskazini la mita 1,310, na la kusini linaloshuka hadi mita 1,470. Kabla yake wavuvi wa Kalundu walijua kwamba ukiacha ufuko kidogo tu kamba haifiki chini. Baada yake tulijua ni kamba ya urefu gani. Jalada lake ni la karatasi ya kijivu. Pembe ya juu kulia ilikuwa imetafunwa na panya, na ndani kulikuwa na nusu ya mhuri wa mviringo usiosomeka. Ramani imekunjwa mwishoni.

Niliifungua ramani ile nyumbani usiku, kwa taa ya sola, maana umeme ulikuwa umekatika. Ncha ya kaskazini ya ziwa iko juu, Bujumbura mkono wa kulia, sisi kushoto. Na huko kushoto, kwenye sehemu nyeupe ambayo mchoraji aliiacha tupu kwa sababu yeye alijishughulisha na maji tu, mtu alikuwa ameijaza nchi kavu. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, umeinama, nusu Kifaransa na nusu Kiswahili chetu. Juu aliandika 1964 akapiga mstari chini yake mara mbili. Halafu mishale. Mmoja ulionyesha mdomo wa mto Mulongwe, mmoja Kalundu, mmoja Kasenga. Kila mshale ulikuwa na maneno yake, na maneno ya Kasenga yalisema maji yamefika hatua kadhaa kutoka barabara, na kwamba mwembe mmoja alioutaja umezama hadi matawi ya chini.

Hatua kadhaa. Tarakimu ilikuwepo. Niliiona kwa macho yangu.

Je, nilisita? Ndiyo, na nisijipambe hapa. Nilisita kwa kuogopa karatasi isichanike mahali ilipokunjwa. Simu yenye kamera ilikuwa mezani, karibu na kifutio, na haikunijia hata mara moja kuinyoosha juu ya ramani. Kwangu maandishi yale yalikuwa uchafu unaopunguza dola. Nikafuta kuanzia juu: mwaka kwanza, halafu mishale, halafu maneno. Yule bwana alikuwa na mkono mzito, risasi ilikuwa imezama kwenye karatasi, ikanilazimu kurudia mara nyingi. Nilipomaliza niliipuliza ramani, vumbi la kifutio likaruka, na ufuko wetu ukabaki mweupe kama Capart alivyouacha. Wiki hiyo hiyo kitabu kilivuka mpaka wa Kavimvira kwenda kwa mzee.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulishuka na mawe. Wasomaji wa Uvira hawahitaji kusimuliwa. Walikufa makumi ya watu, nyumba ziliondoka kwa maelfu, na kulipokucha vitu vya ndani vilikuwa barabarani na vya barabarani viko ndani. Kwangu maji yaliishia kwenye kizingiti. Kwa wengine vitabu vilianikwa juu ya mabati kwa siku nyingi, kurasa zimevimba, na haikupita muda vikaonekana kwenye turubai. Mimi nilivinunua. Huo ni mto, nilijiambia, ilhali maandishi yale yalihusu ziwa. Nikalala.

Kisha likaja ziwa.

Ziwa letu halina haraka, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Lina njia moja tu ya kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, na hata huo unachukua sehemu ndogo. Maji mengi hupotea hewani kwa jua. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, maji huongezeka kuliko yanayoondoka, nalo hupanda kidogo kidogo, likipumzika kiangazi na kuendelea masika. Wazungu wa kwanza waliofika hapa walibishana kama ziwa lina mlango wowote. Cameron alipofika Lukuga mwaka 1874 alikuta mchanga na majani yameziba mdomo wake. Maji yakawa yanapanda tu hadi mwaka 1878 yalipoivunja ile ziba, yakashuka kwa kishindo miaka iliyofuata. Kule Ujiji mmisionari Hore, aliyekuwa baharia, alisimama ufukweni akipima jinsi ziwa linavyomkimbia. Tangu hapo lilipumua juu na chini kwa kiasi, hadi mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya sitini. Mwezi wa tano mwaka 1964 likafika juu kuliko wakati wowote ambao babu aliyekuwa hai angeweza kuukumbuka.

Na mwezi huo wa tano ndio waasi wa Simba walipoingia Uvira. Watu walipanda milimani na watoto mgongoni. Nani angebaki ufukweni kuhesabu hatua? Mmoja alibaki, au alirudi mapema kabla maji hayajashuka, akiwa na kalamu ya risasi na ramani ya Capart. Simjui. Pengine alikuwa karani, au mmoja wa vijana waliofanya kazi na watafiti wa ziwa, ambao wana kituo hapa Uvira tangu wakati wa Wabelgiji. Alihesabu hatua zake katika mji uliojaa bunduki. Mimi nikamfuta kwa taa ya sola, chai pembeni.

Mwaka 2021 Kasenga ya chini ilianza kulala majini. Mwaka 2024 ziwa likapanda tena hadi kuikaribia alama ya 1964, na sisi tuliokuwa tukisema "maji ya mara moja tu" tukanyamaza. Upande wa Burundi Gatumba ilizama. Kwetu Kalundu iliumia. Katika mtaa wetu nyumba zilibaki na mstari wa matope kifuani, vyoo vilifurika, na watoto walikwenda shule wamebeba viatu mkononi. Mama mmoja jirani yangu, mjane, muuza ndagala, alihamisha vitu vyake mara ya kwanza akarudi, akahamisha mara ya pili akarudi, na nyumba aliyojenga kwa samaki wa miaka mingi ikaangukia ndani siku ambayo hakukuwa hata na mvua.

Maji yalipoanza kushuka, shefu wa avenyu aliita mkutano. Jambo lilikuwa moja. Kila aliyebomokewa alitaka kujenga, na swali likawa ajenge wapi. Wenye viwanja vya chini walisema ziwa limeshafanya lake, sasa litakaa miaka hamsini. Wengine walisema mpaka uwekwe, lakini kila mmoja aliuweka chini kidogo ya mlango wake. Wazee wawili walioshuhudia 1964 wakiwa watoto waliombwa waseme. Wa kwanza alisema maji yalifika barabarani kabisa. Wa pili akacheka, akasema yule alikuwa mtoto mfupi, kila maji kwake yalikuwa mengi. Tukacheka sote. Lakini mkutano ulikuwa umekwama.

Kijana mmoja aliyesomea mambo ya maendeleo vijijini alieleza kwamba vipimo vya ziwa vipo, vimewekwa katika mita juu ya usawa wa bahari. Ni kweli. Mita hizo zinakuambia ziwa zima lilisimama wapi. Haziwezi kukuambia mwaka ule maji yalilala kwenye kiwanja kipi cha Kasenga, kwa sababu Kasenga yenyewe haijakaa mahali pamoja. Mito ya Mulongwe na Kalimabenge imemwaga mchanga na mawe kwa miaka sitini, watu wamejaza mashimo, wamechimba mifereji, wamepandisha uwanja huu na kushusha ule. Kilichohitajika ni mtu aliyesimama pale, mwaka ule, akahesabu kuanzia kitu ambacho bado tunakijua.

Nikanyoosha mkono. Nikasema mtu huyo alikuwepo, na nimewahi kusoma alichoandika.

Sijapata kusikilizwa vile darasani. Shefu wa avenyu aligeuza kiti chake. Mama muuza ndagala aliacha kupepea. "Hatua ngapi, Papa Mwalimu?"

Nikafungua mdomo, nikaona tarakimu mbili. Sitini. Mia na sitini. Zote mbili zilikuwa kwenye mwandiko uleule mdogo ulioinama, kila moja ikiapa kwamba ndiyo yenyewe. Kati ya hatua sitini na hatua mia na sitini kutoka barabarani ndipo ilipo Kasenga ya chini yote. Hapo ndipo kilipo kiwanja cha mama yule, vyumba vya kupanga vya wanafunzi, kanisa dogo la mabati na visima viwili. Kama ni mia na sitini, wengi wao wanaweza kujenga tena bila hofu kubwa. Kama ni sitini, hakuna hata mmoja. Nilisema sikumbuki. Wakauliza kitabu kiko wapi. Ndipo nikalazimika kusema yote: kitabu, kifutio, Bujumbura, dola.

Hawakunifokea. Mzee wa kwanza aliuliza, "Barabara ipi, hii au ile ya Wabelgiji?" na hilo pia sikuwa na jibu lake. Mama muuza ndagala aliuliza niliuza kwa bei gani. Nikamwambia dola 60. Akafikiri kidogo, akasema: "Basi uliuza kila hatua dola moja." Watu wakacheka tena, na safari hii mimi sikucheka, kwa sababu alikuwa ameninyang'anya hata kile kidogo nilichobaki nacho. Tangu siku ile sijui kama sitini niliyoikumbuka ilitoka kwenye ramani au ilitoka mfukoni mwangu.

Nilimwandikia mzee wa Bujumbura kwa simu. Nilimwomba aishike ramani chini ya taa iliyolala pembeni, kwani risasi ikibanwa sana huacha mfereji kwenye karatasi hata ikifutwa, na mwanga wa ubavu huuonyesha. Alinijibu siku hiyo hiyo, kwa adabu yake ya kila siku. Kitabu kilikwishakwenda Ubelgiji zamani, kwa mteja wa mteja wake, na jina hana. Akaongeza kwamba anakikumbuka vizuri kwa sababu kilikuwa safi mno, na kama nina kingine kilichosafishwa namna ile nimletee.

Kwa muuzaji wangu wa kando ya barabara nilikwenda pia. Nilimweleza kuhusu cha hesabu na kile kibovu cha nyongeza, nikamwekea dola 20 mkononi. Alizihesabu, akazitia mfukoni, akaniambia hakuna neno, Papa Mwalimu. Lakini tangu siku hiyo kitabu nikikitazama tu bei yake hupanda, na nikikishika hupanda zaidi. Anacheka akinitajia. Nalipa. Bado naenda, maana sijapata dawa ya kuacha, na juzi nimepata sarufi ya Kilatini ambayo mseminari fulani alichora mpira wa miguu kwenye kila sura ya vitenzi, goli kwa goli, na matokeo yameandikwa. Sijaigusa. Nimeipiga picha kurasa zote kabla ya kuifuta vumbi. Ule wembe ninanyolea ndevu.

Ukurasa wa Joseph ninao bado, ndani ya bahasha. Kitabu ulimotoka kilishauzwa, hivyo hata nikimpata mwenye kitabu nitakuwa na kipande yeye ana kilichobaki. Ule wa ziwa sina hata kipande.

Basi ombi langu ndilo hili. Andishi hili linaweza kufika mbali, na Wakongo wako kila mahali, Bruxelles, Liège, Antwerpen, na wapo wanaopita kwenye maduka ya vitabu vya zamani kama nilivyopita mimi hapa. Ukikutana na Capart wa mwaka 1949, jalada la kijivu, pembe ya juu kulia imeliwa na panya, nusu ya mhuri wa mviringo ndani, usihangaike kukinunua kama ni ghali. Omba tu kuifungua ramani ya mwisho. Tafuta Uvira, upande wa kushoto juu, kwenye sehemu nyeupe. Washa taa ya simu, uilaze karibu na karatasi kabisa ili mwanga upite ubavuni, halafu piga picha. Ukiona mishale mitatu, tafuta ule wa Kasenga. Maneno mengine yote yaache. Ninachotaka kujua ni kama mbele ya ile sita kuna moja au hakuna.